Namna ya Kuchagua na Kutunza Jezi za Besiboli Zilizovaliwa Mchezoni

Anayeanza kukusanya jezi ambazo wachezaji wa besiboli wa Marekani walizivaa mchezoni huvutiwa kwanza na jina la mchezaji, ilhali ushahidi umo katika nguo yenyewe: mishono, viraka, michakao na hata makosa ya fundi. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, ichunguze jezi kana kwamba haina jina.

Anza na umri wake. Kwa miongo mingi timu zilivaa flaneli nzito ya sufu, au ya sufu iliyochanganywa na pamba, mpaka Pittsburgh Pirates walipoanza, Julai 1970, kuvaa jezi za kitambaa kinachonyumbuka, zisizo na vifungo. New York Yankees waliweka namba mgongoni mwaka 1929, na majina ya wachezaji yalianzia kwa Chicago White Sox mwaka 1960. Ukiletewa jezi ya kunyumbuka inayodaiwa kuwa ya mwaka 1955, mazungumzo yaishie hapo.

Baada ya umri, tafuta kile kinachoitofautisha jezi hiyo na nyingine zote. Mwaka huohuo wa 1960, jina la Ted Kluszewski wa White Sox lilishonwa likiwa na Z iliyogeuzwa na X mahali pa K ya pili. Tarehe 17 Aprili 2009, Ryan Zimmerman na Adam Dunn wa Washington Nationals waliingia uwanjani na jezi zilizoandikwa “Natinals”. Binafsi navithamini vitu vya namna hii kuliko jezi safi ya nyota mkubwa, kwa kuwa kosa la mkono wa fundi ni vigumu kulikuta sawasawa kwenye nguo nyingine. Viraka vya maombolezo navyo husaidia: Pirates wa mwaka 1973 walivaa kiraka cha namba 21 kwenye mkono wa jezi kumkumbuka mchezaji wao Roberto Clemente, aliyefariki kwa ajali ya ndege tarehe 31 Desemba 1972, hivyo jezi ya msimu huo isiyo na kiraka hicho wala matundu ya sindano mahali kilipokuwa inahitaji maelezo.

Matundu hayo yachunguze kwa kuimulika jezi kutoka ndani. Zamani timu kubwa zilipeleka jezi zilizotumika kwa timu zao za ligi za chini, ambako namba na majina yalibanduliwa na mengine kushonwa. Kwa sababu hiyo flaneli nyingi zimerejeshwa baadaye katika sura ya awali. Urejeshaji si aibu iwapo muuzaji anautaja, lakini bei lazima iuakisi.

Uthibitisho wenye nguvu zaidi ni kulinganisha jezi na picha za mchezo. Katika jezi yenye mistari, angalia mstari unakatiza wapi herufi, namba au kifungo, kwa sababu kitambaa hakikatwi mara mbili kwa namna ileile kabisa. Ulinganisho wa picha ulichangia sana kuifanya jezi ya Babe Ruth, nyota wa Yankees, ya Fainali za mwaka 1932 iuzwe mnadani kwa dola milioni 24.12 mwaka 2024.

Kwa jezi za karibuni kazi ni nyepesi: tangu mwaka 2001 ligi kuu ina mpango wa uhakiki, na vitu vilivyohakikiwa hubandikwa stika ya hologramu yenye namba inayoweza kukaguliwa mtandaoni. Soma maelezo yake kwa makini, maana jezi iliyotolewa kwa mchezaji si lazima awe ameivaa.

Ukishaipata, usiifue. Tope, lami ya msonobari (utomvu unaopakwa gongo ili lisiteleze) na mkwaruzo wa kinga ya kifua ya mdakaji ni sehemu ya ushahidi uliolipia. Flaneli usiitundike, kwani uzito wake huvuta mabega. Ilaze bapa, mikunjo ikiwekewa karatasi laini isiyo na asidi, mbali na jua, unyevu na nondo.