Namna ya Kuandika Wasifu wa Marehemu Jaji: Mwongozo kwa Familia na Kamati za Msiba Mwanza

Jaji mstaafu anapofariki, kamati ya msiba huundwa siku hiyohiyo. Kazi zikishagawanywa kwa wanaoshughulikia jeneza, usafiri, chakula na maturubai, uandishi wa wasifu humwangukia mpwa mwenye kompyuta au mtoto anayesemekana kuwa na mwandiko mzuri, naye hutakiwa kuukamilisha kabla ya kukucha. Ndiyo maana wasifu wa watumishi wa umma hufanana: tarehe ya kuzaliwa, shule, vyeo, idadi ya wajukuu, kisha sifa za ucheshi, uchapakazi na ucha Mungu ambazo zingeweza kusomwa mbele ya jeneza la mtu yeyote. Jaji ana bahati ambayo mganga wa wilaya au bwana shamba hana, kwa sababu kazi yake iliandikwa kwa kirefu, ikawekwa tarehe na sahihi, na mpaka leo inasomeka. Wasifu usioigusa kazi hiyo unamwacha marehemu nje ya msiba wake mwenyewe.

Anzeni na nyaraka kabla ya kuuliza kumbukumbu za watu. Tafuteni barua ya ajira ya kwanza, barua ya uteuzi na picha ya kuapishwa, kisha pangeni vyeo kwa mfuatano wake bila kuvichanganya, kwa kuwa hakimu mkazi, msajili, jaji wa Mahakama Kuu na jaji wa rufani ni ngazi tofauti, na waombolezaji kutoka mahakamani watagundua kosa mara moja. Jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, ndipo huapishwa. Kwa hiyo tarehe ya uteuzi na tarehe ya kiapo huweza kutofautiana, na ni vyema kusema mnataja ipi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianza mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule kuvunjika, na hivyo sentensi yoyote inayomketisha marehemu katika mahakama hiyo kabla ya mwaka huo ifutwe. Njia nyingine ya kukagua ni umri: Katiba ya mwaka 1977 imeweka miaka 60 kuwa umri wa kustaafu kwa jaji wa Mahakama Kuu na miaka 65 kwa jaji wa rufani, ingawa Rais anaweza kumwongezea muda. Hesabu ikikataa, mara nyingi tatizo liko kwenye mwaka wa kuzaliwa, kwani wazee wetu wengi waliandikishwa shule kwa miaka ya kukadiria.

Baada ya hapo, nendeni kwenye hukumu. Nyingi zinapatikana bure katika tovuti ya TanzLII, na za zamani zilizochapishwa zinaweza kutafutwa katika maktaba zenye juzuu za ripoti za kesi. Chagueni moja, au mbili zikizidi sana, na msitafute ile iliyowahi kupamba magazeti. Tafuteni ile ambayo mtu aliyekaa chini ya turubai, asiyejua kifungu hata kimoja cha sheria, ataielewa na kuona ilimgusa nani.

Mfano mzuri uko karibu nasi. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Kihaya, aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Ndugu wa ukoo akafungua shauri katika mahakama ya mwanzo wilayani Muleba akidai kwamba kwa mila mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo, na mahakama ikamkubalia. Mahakama ya wilaya ikaubatilisha uamuzi huo, na rufaa ikafika Mahakama Kuu hapa Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Mwezi Februari 1990 Jaji huyo aliamua kwamba mila inayomnyima mwanamke haki aliyonayo mwanamume inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na akathibitisha uhalali wa mauzo yale.

Tazameni jinsi kisa hicho kilivyosimulika bila jina la mdaawa hata mmoja na bila namba ya rufaa. Katika wasifu kingeweza kusomwa hivi: “Mama mmoja wa Muleba aliambiwa kwamba shamba aliloachiwa na baba yake si lake kuliuza. Jaji alisoma Katiba, akasema ni lake.” Sentensi mbili zinatosha. Hukumu za Mahakama Kuu za miaka hiyo ziliandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021, kwa hiyo kazi kubwa ya mwandishi ni kuileta hoja kwa Kiswahili cha nyumbani. Mwombeni wakili mmoja aisome rasimu yenu, maana kurahisisha ni chanzo cha upotoshaji mwingi.

Kama marehemu alitumikia tume, mpeni sehemu yake tu. Jaji Mkuu Francis Nyalali aliongoza tume iliyoundwa mwaka 1991 kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, lakini tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Kusema kwamba yeye “alileta vyama vingi” ni kuwafuta wajumbe wenzake na Bunge, ilhali kusema kwamba aliongoza tume iliyothubutu kutofuata hesabu ya wengi ni heshima kubwa zaidi, tena ni kweli.

Kwa upande wa watu, wahojini dereva wake, karani wake na wazee wa baraza walioketi naye kwenye vikao vya mauaji kabla ya kuwahoji waheshimiwa. Dereva anajua jaji alikataa lifti ya nani njiani na kwa nini. Hata hivyo, mipaka ipo: yaliyozungumzwa faraghani baina ya majaji yasitajwe, kesi ambayo bado iko mahakamani isiguswe, na asitajwe mtu aliyefungwa au kuachiwa naye, kwa sababu ndugu zake wanaweza kuwa wameketi mstari wa tatu.

Wasifu usomwe kwa dakika zisizozidi kumi. Mazishi yakiwa Ukerewe, ratiba yote inatawaliwa na muda wa meli ya Nansio au kivuko cha Kisorya, na hapo hata dakika kumi ni nyingi. Kwa familia ya Kiislamu, ambako maziko hayacheleweshwi, usomeni siku ya khitma. Msomaji awe mwanafamilia mwenye sauti thabiti. Mshereheshaji asipewe kazi hiyo, kwani hawezi kujizuia kuongeza chumvi.

Matanga yakishaanuliwa, yabaki mambo mawili. Majalada ya kesi yatakayokutwa nyumbani ni mali ya Mahakama na yarudishwe kwa msajili yakiwa yamefungwa, bila watoto kuyasoma kwanza, hata kama miongoni mwao yumo wakili. Vitabu vyake vya sheria, ambavyo kwa kawaida familia hugawana kisha vikaliwa na mchwa, vinaweza kutolewa kwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Malimbe, ambako sheria inafundishwa: andikeni orodha, pelekeni barua kwa mkutubi kabla ya kubeba maboksi, na ambatisheni nakala ya wasifu iliyosahihishwa, si ile ya msibani. Nakala nyingine mpeni msajili mapema mwezi Januari, ili marehemu aweze kukumbukwa katika Wiki ya Sheria.