Pi-ki-tap: kuwafundisha wanafunzi kuunganisha maneno ya Kiingereza

Darasa langu la jioni liko Eastleigh, juu ya duka la vitambaa. Sianzi na Kiingereza. Naandika ubaoni "mama yangu", kisha namwomba mmoja aseme haraka. "Mamangu!" Basi, kuunganisha sauti wanajua tayari.

Ndipo naandika pick it up. Wengi husoma "piki iti apu", maana silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa vokali na ulimi hutafuta pa kutua. Usiwagombeze. Chukua konsonanti ya mwisho, uipe vokali inayofuata: pi-ki-tap. Silabi mbili za kwanza zimegeuka Kiswahili kitupu! Fundisha kutoka nyuma: "tap", "ki-tap", "pi-ki-tap". Ukianzia mbele, mwisho wa sentensi hulegea.

Kibarua ni mkazo. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila silabi hupata haki yake. Kiingereza hubana vijineno. Katika I can see you, piga kofi kwenye see tu, can ibaki "kn". Anayeikazia can husikika kama anabishana (mimi mwenyewe nilibishana hivyo miaka mingi).

Nyumbani, wasikilize dakika mbili za habari, warudie sentensi moja moja, wajirekodi kwa simu. Kwenye matatu haiwezekani, muziki humeza kila kitu. Kasi wasiikimbilie kwanza, la sivyo utapata darasa zima la makanga wakiita abiria.