Friji ya gari: namba ya kwenye kioo haitoshi

Wakuu mnaosafiri na friji ndogo ya gari toka Mwanza, ile namba ya joto ya kwenye kioo chake msiiamini peke yake. Sensa yake, kile kipimajoto cha ndani, iko sehemu moja tu, mara nyingi karibu na ukuta unaopoza, sasa ukipanga sato mpaka juu wale wa chini wanaanza kuganda, wa karibu na mfuniko wana joto, na kioo bado kinakwambia nyuzi 3. Tafuta themometa ndogo ya waya, sensa yake itumbukize kwenye kachupa ka maji katikati ya mzigo, maana hewa inapanda kila ukifungua ila maji yanaenda taratibu kama samaki wenyewe. Kioo chake bandika juu ya mfuniko kwa nje, aliyekaa nyuma anasoma bila kufungua. Isizidi nyuzi 4.

Na chukua themometa inayokumbuka joto la juu kabisa, hiyo ndo muhimu kuliko yote, gari nyingi ukizima swichi soketi ya chaja inakata na friji inazima, mnakula Shinyanga muda mrefu, mkiendelea na safari inapoa tena namba inakuwa nzuri kumbe katikati ilishapanda. Kama kuna insulini ya bibi humo, iwe nyuzi 2 mpaka 8, na ikiganda ni ya kutupa.