Kufifisha madoa meusi usoni bila mkorogo

Tiba ya madoa ya chunusi au ya ujauzito haianzi na krimu, inaanza na kuacha kinachoyachochea.

Hatua ya 1: Acha mkorogo, yaani krimu za kuchubua ngozi. Soma pakiti. Mercury au calomel ni zebaki, sumu ya figo. Clobetasol ni dawa kali ya ukurutu, huifanya ngozi ya uso kuwa nyembamba. Kopo lisiloandikwa viambato usilinunue, hata muuzaji wa sokoni Majengo, Dodoma, akiapa. Kama umepaka clobetasol kwa miezi, usiikatishe ghafla: uso huwaka, huwasha na kutoka vipele, na wengi hapo huirudia wakidhani ilikuwa inawatibu. Muone daktari wa ngozi akupunguzie taratibu.

Hatua ya 2: Zuia jua. Jua la Dodoma litaharibu kazi ya krimu yoyote. Kila asubuhi paka losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, mistari miwili ya kujaza urefu wa vidole viwili, uso na shingo. Ukiwa nje, rudia kila saa mbili. Yenye rangi ya ngozi ni bora, kwa sababu madoa ya ujauzito huchochewa pia na mwanga wa kawaida. Vaa kofia pana. Mafuta ya alizeti hayazuii jua.

Hatua ya 3: Jaribu krimu mpya nyuma ya sikio kwa siku 3.

Hatua ya 4: Paka asidi ya azelaiki 20%, krimu ya kufifisha madoa. Wiki ya kwanza usiku tu, kisha asubuhi na usiku, safu nyembamba. Kuwasha kwa dakika chache ni kawaida. Ngozi ikichubuka, pumzika, maana kwenye ngozi nyeusi muwasho wenyewe huacha doa jipya. Ndiyo sababu limao na dawa ya meno havifai kabisa. Kiangazi, upepo ukikausha uso, tangulia na mafuta mepesi. Mjamzito anaweza kutumia asidi hii, lakini tretinoini, krimu ya jamii ya vitamini A, asiiguse.

Haidrokwinoni 4%, krimu nyingine ya kufifisha madoa, ni ya kuandikiwa na daktari: usiku, juu ya doa tu, takriban miezi 3, kisha unapumzika. Krimu nyeupe ikigeuka kahawia, itupe, imeshaharibika. Wanaoipaka kwa miaka hutokwa na vidoti vyeusi vya kibuluu kwenye mashavu, na hivyo karibu havitoki.

Hatua ya 5: Piga picha kila wiki 4, dirisha lile lile. Mabadiliko huonekana wiki ya 8 hadi 12. Doa la kahawia hufifia mapema kuliko la kijivu. Linalokua, kutoa damu au kubadilika umbo, lipeleke hospitali kabla ya kulipaka chochote.