Acha kuogopa breki ya mbele: namna ya kujifunza kufunga breki kwa anayeanza pikipiki

Ukianza tu kuendesha kila mtu atakwambia usiguse breki ya mbele itakupindua, basi unabaki na breki ya mguu peke yake na hapo ndo hatari inapoanzia. Ukifunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele, tairi la mbele linagandamizwa kwenye lami na la nyuma linakuwa jepesi, ndo maana kwenye lami kavu kama asilimia 70 hivi ya kusimama inatoka mbele. Kinachoangusha watu ni kuikaba ghafla.

Kwa hiyo fundisha mkono. Vuta breki kidogo tu mpaka usikie imeanza kushika na shokapu za mbele zinazama, zikishazama ndo unaongeza nguvu, yani unakamua, hunyakui. Ukikaba kabla uzito haujafika mbele tairi linafunga (linaacha kuzunguka) na kuteleza. Huko kusubiri hata sekunde haifiki lakini ndo siri yenyewe. Ya mguu ikanyage kidogo kwa pamoja, na kadiri unavyokamua mbele ndo unalegeza nyuma.

Tafuta uwanja mtupu usio na mchanga, anza na spidi 20, ukizoea nenda 30, afu 40, usiwe na haraka. Magoti yabane tangi, viwiko vilegee, macho yaangalie mbele maana ukiangalia tairi pikipiki nayo inayumba. Achia mafuta, ila klachi usiivute mapema (wengi wanavuta kwanza kabisa sijui kwa nini), iache injini ikusaidie kupunguza, uivute karibu na kusimama huku unashusha gia mpaka namba 1, ili kama gari la nyuma halisimami uweze kuondoka.

Tairi la mbele likifunga achia hapohapo afu shika upya taratibu. La nyuma likiserereka na pikipiki bado imenyooka, legeza kidogo kidogo. Lakini kama mkia umeshaenda upande sana usiachie, kaa hivyohivyo mpaka isimame, ukiachia tairi linashika ghafla na linakurusha juu, hiyo ndo mbaya zaidi. Kama ina ABS (mfumo unaozuia tairi kufunga ukikaba breki) we kamua tu, ukisikia inatetemeka mkononi ni kazi yake, usiachie.

Kwenye kona maliza kupunguza kabla hujalaza pikipiki, ABS za kawaida nyingi hazitakuokoa ukikaba huku umelala. Mvua ikinyesha hesabu umbali wa kusimama mara mbili, na dakika za mwanzo ndo mbaya kwa sababu mafuta yaliyomwagika barabarani yanaelea juu. Alama za rangi na mifuniko ya chuma vuka bila kugusa breki.

Nafasi nayo: kwa spidi 60 unakula karibu mita 17 kila sekunde, kabla hata kidole hakijagusa breki. Na spidi ikiwa mara mbili, umbali wa breki unakuwa mara nne, sio mbili. Acha angalau sekunde 2 kati yako na wa mbele.

Ukibadilisha pedi, siku za mwanzo hazishiki vizuri mpaka zikae, funga mapema. Na diski usiipake oili hata tone, hata kama inalia.