Klia ikiharibika kwenye tanki la pikipiki: tafuta chanzo kabla ya kupuliza tena

Matanki mengi ninayoletewa kurekebisha yana klia (ile safu angavu ya mwisho inayopulizwa juu ya rangi) nene kupita kiasi. Mwenye kazi aliona kasoro, akapuliza safu nyingine juu yake akitumaini itazibika. Klia ni angavu kama kioo, haifichi kitu. Kasoro iliyo chini itaonekana vilevile, na sasa utakuwa na mengi zaidi ya kupiga msasa. Kwa hiyo weka gani, ile bunduki ya kupulizia, chini kwanza.

Hatua ya 1: Acha ikauke, kisha iangalie vizuri

Iache usiku kucha. Baridi ya Julai hapa Nairobi ikikukuta, ipe siku mbili. Itoe nje kwenye mwanga, mulika tochi ya simu kutoka ubavuni, pitisha kidole polepole.

Hatua ya 2: Jua unachokiona

*Vitundu vidogo kama vya ncha ya sindano.* Kasoro hii ndiyo iliyonifundisha subira. Lilikuwa tanki la bodaboda, saa saba mchana, chini ya mabati yanayochoma, mwenyewe amekaa nje akisubiri. Nilipuliza safu tatu nzito mfululizo. Jioni liling'aa vizuri sana. Kesho yake lilikuwa limejaa vitundu. Kilichotokea ni kwamba joto lilikausha uso wa klia haraka, thina (kimiminika cha kupunguzia uzito wa klia) iliyobaki chini ikakosa njia, ikatoboa ikitoka.

Piga msasa namba 800 kwa maji hadi vitundu viishe. Ukifika kwenye rangi, itakubidi urudie rangi kisha klia. Safari hii anza saa mbili au saa tatu asubuhi, tanki likiwa la baridi mkononi, na utumie thina inayokauka taratibu. Kati ya safu subiri dakika 10 hadi 15. Kipimo changu ni tepu ya karatasi iliyo pembeni: gusa klia iliyoangukia hapo. Ikivutika kama uzi, ngoja. Ikinata tu bila uzi, endelea.

*Vishimo vya duara, klia imekimbia katikati.* Hayo ni mafuta au silikoni. Mwendesha boda anaipenda pikipiki yake, huipangusa polishi kila asubuhi, na polishi nyingi za kung'arisha plastiki na tairi zina silikoni. Ukianza na msasa unaisambaza tu. Anza kwa maji na sabuni ya vyombo, suuza, kausha, ndipo upige msasa. Halafu pangusa kwa dawa ya kuondoa grisi ukitumia vitambaa viwili: kimoja kimelowa, kingine kikavu kinachofuata nyuma kabla dawa haijakauka. Baada ya hapo usiguse kwa mkono mtupu.

Vishimo vikirudi, shuku kompresa. Puliza hewa tupu kwenye kioo kisafi. Ukiona ukungu au matone, mwaga maji ya tangi la kompresa na ukague chujio.

*Weupe kama maziwa.* Ni unyevu. Thina inayokauka haraka hupoza uso, na siku ya mvua maji ya hewani hutua hapo. Subiri siku kavu na ubadilishe thina.

*Mikunjo kama utando wa maziwa yaliyochemka.* Klia imeishambulia rangi ya chini, ama ya zamani isiyopatana nayo, ama mpya ambayo haijakauka. Hapa sina njia ya mkato ya kukupa: toa yote hadi mahali pagumu, anza na praima, yaani rangi ya msingi.

*Ganda la chungwa na michirizi.* Ganda hutokana na klia nzito, presha ndogo au gani kuwa mbali. Michirizi ni kinyume chake: karibu mno, polepole mno. Zote mbili, ikishakauka kabisa, sawazisha kwa msasa namba 1500, kisha 2000, umalizie na kompaundi, dawa ya kusugulia hadi ing'ae. Kuwa mwangalifu kwenye kingo, huko klia huwa nyembamba.

Hatua ya 3: Changanya kwa kipimo

Klia nyingi za hadena (dawa ya kuigandisha klia) huchanganywa sehemu mbili za klia kwa moja ya hadena, lakini maandishi ya kopo lako ndiyo ya kufuata. Tumia kikombe chenye mistari, si makadirio ya jicho. Kuongeza hadena ili ikauke upesi huharibu ugumu wake. Na kwa tanki usitumie klia ya kopo la kupuliza isiyo na hadena: petroli ikimwagika itailainisha.

Nakusihi kuhusu mapafu yako. Hadena hizi zina kemikali ya isosayaneti, inayoweza kukuletea pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Vaa barakoa ya vichujio vya kaboni iliyobana uso vizuri, glavu na miwani, fanyia kazi mahali pa wazi, na uwaondoe watoto wanaocheza karibu.

Hatua ya 4: Jaribu, kisha puliza

Puliza kwanza kwenye kava kuukuu la betri. Gani iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kazini, kila mpito ufunike nusu ya uliopita. Safu ya kwanza nyepesi, mbili zinazofuata zilizolowa.

Ukimrudishia mwenyewe, mwambie asipake polishi kwa mwezi mmoja, na petroli ikidondoka aifute papo hapo.