Kupanga kategoria za duka la WooCommerce: someni hapa kabla ya kunipigia

Wadau, wiki hii nimeulizwa jambo hili mara nne, mara moja nikiwa nagombea daladala Kabwe, hapa Mbeya. Naandika mara moja, basi. Kwa wageni: WooCommerce ni programu-jalizi (plugin) inayogeuza tovuti ya WordPress kuwa duka la mtandaoni.

1. Chukua karatasi. Andika vitu jinsi mteja anavyoviita. Mimi hapa Mwanjelwa nina Mchele, Maharage, Kahawa na Chai.

2. Kwenye dashibodi ya WordPress fungua Products, kisha Categories. Andika jina.

3. Kama ni kategoria ndogo, kwenye Parent chagua mama yake. Ngazi mbili zinatosha.

4. Slug. Hapa tulia. Hicho ni kipande cha anwani ya ukurasa. Yangu ilikuwa "mchele". Usiku mmoja nikaona "mchele-wa-kyela" inapendeza, nikabadilisha, nikaitupia na kwenye magrupu ya WhatsApp. Asubuhi mteja wa Tunduma ananitumia picha ya skrini: ukurasa haupo. Kumbe ya zamani ndiyo iko kwenye stika za mifuko 60 ya kilo 5! Nikirudisha ya zamani, magrupu yanakwama. Nikiacha mpya, stika zinakwama. Kilichoniponza ni mazoea: ukibadilisha slug ya bidhaa moja, WordPress hukumbuka ya zamani na kumpeleka mteja kwenye mpya. Kwa kategoria haifanyi hivyo. Nilipona kwa kuweka programu-jalizi ya Redirection, ikawa inampeleka anayefungua anwani ya zamani kwenye mpya. Slug iamue siku ya kwanza, na USICHAPISHE kitu kabla hujaiamua.

5. Mpangilio: shika vimistari vya kulia, buruta juu au chini. Mtoto hatoki kwa mama yake kwa kuburutwa, badilisha Parent.

6. "Uncategorized" haifutiki ikiwa ndiyo ya msingi (default), yaani ile inayopokea bidhaa zisizo na kategoria. Ipe jina Mengineyo, maisha yaendelee.

MASWALI

Kijana wa Soweto: Mkuu, slug yangu ndefu, niibadilishe?
— Hatua ya 4.

Kijana wa Soweto: Nimefuta kategoria ya Viatu, bidhaa zote zimepotea. Mfumo wako mbovu.
— Mfumo si wangu. Kufuta kategoria hakufuti bidhaa. Zile zisizo na kategoria nyingine zimehamia ya msingi. Fungua All Products uangalie kabla ya kulalamika.

Mdau wa Iringa: Nimeburuta, menyu ya juu haijabadilika.
— Menyu hupangwa kwake, kwenye Appearance.

Mama Makambako: Kaka, ahsante kwa somo. Nauza maharage ya njano kilo 1, 5 na 25. Kila uzito niupe kategoria yake?
— Hapana dada, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Tengeneza bidhaa moja, chagua Variable product, uzito uweke kama sifa, kisha kila uzito upe bei na stoku yake. Mteja anafungua ukurasa mmoja, anachagua kilo anazotaka. Ukianza kuuza na soya, hiyo ni bidhaa ya pili ndani ya Maharage. Na bidhaa ikistahili kategoria mbili, tiki zote mbili. Usiiandike mara mbili, stoku itakuchanganya.

Mama Makambako: Nimeelewa. Mbona picha zangu zinatoka nyeusi?
— Mimina kwenye ungo, sogea dirishani, zima flashi. Saa nne asubuhi, ukungu ukishaondoka.

Mdau wa Uyole: Huku kwetu mwezi wa sita saa nne ukungu bado upo.
— Basi piga saa saba.